Vitofali vya plastiki kwenye meza ya hisabati na fizikia: tunayoyaona madarasani Moshi

Kitofali cha Lego chenye vinundu 2 kwa 4 kina upana wa milimita 15.8, urefu wa 31.8 na kimo cha 9.6 bila kuhesabu vinundu vya juu. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu jirani ni milimita 8 kamili. Kibamba, yaani kile kitofali chembamba, kina kimo cha 3.2, kwa hiyo vibamba vitatu ni sawa na kitofali kimoja. Zile 0.2 zinazopungua kwenye urefu na upana zimeachwa makusudi ili vitofali vikipangwa bega kwa bega visikwame. Mwalimu akizishika namba hizi, tayari ana kifaa cha kupimia mkononi.

Wengi huvileta darasani kama kichangamsho. Watoto wanajenga nyumba, wanajenga gari, kengele inalia. Hakuna ubaya, ila kipindi kizima kimekwenda na daftarini hakuna namba hata moja. Utaratibu tunaoushikilia sisi ni kwamba mwanafunzi aandike kwanza namba anayoitarajia, ndipo ajenge, ndipo apime. Akiruhusiwa kujenga kabla ya kuandika, atakuja kusema alijua tangu mwanzo.

Vitofali vingi vinavyowafikia walimu hapa mjini ni vya mtumba. Ukibahatika kupita soko la Memorial au la Kiboriloni wakati midoli imefunguliwa, utavikuta vimechanganyika na magari yasiyo na matairi, na ndani ya mfuko mmoja kuna vya asili na vya kuiga. Vya asili vina jina la kampuni limechongwa juu ya kila kinundu. Kabla hujavigawa, panga kumi vya asili na kumi vya kuiga sambamba, kisha pitisha kidole juu ya minara yote miwili. Kasoro ya sehemu moja ya kumi ya milimita huioni kwa kitofali kimoja, lakini kwa kumi inakuwa milimita nzima na kidole kinaisikia. Usivitupe vya kuiga. Vinafaa kabisa kwa sehemu na kwa eneo. Visiingie tu kwenye kazi za kupima.

Kazi ya kwanza inayolipa kuliko zote ni kimo. Inahitaji vitofali kumi na rula ya shule. Kundi linapima kimo cha kitofali kimoja pamoja na vinundu vyake na kupata milimita 11. Waulize viwili vikipandana vitakuwa na kimo gani. Darasa zima litaandika 22. Wakipima wanapata 21, na wengi wanajisemea ni jicho tu. Vitano: wameandika 55, rula inasema 50. Kumi: wameandika 110, rula inasema 98. Hapo ndipo utasikia, "Mwalimu, rula yetu mbovu." Waachie wabadilishane rula na kundi la jirani. Wakirudi na 98 ile ile, wape vitofali viwili tu wavitenganishe na kuviunganisha polepole wakiangalia kwa pembeni. Mwenye jicho atagundua kuwa vinundu vya kitofali cha chini vinamezwa na kitofali cha juu. Katika mnara wowote, vinundu vinavyobaki nje ni vya kileleni peke yake.

Kwa hiyo kimo cha mnara si kimo cha kimoja mara idadi. Ni 9.6 mara idadi, kisha unaongeza karibu 1.7 za vinundu vya juu. Kwa kitofali kimoja ni 11.3, kwa viwili 20.9, kwa vitano 49.7, kwa kumi 97.7. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyekariri y = mx + c bila kujua c inafanya nini sasa anaweza kuigusa kwa kidole: c ni vinundu vya kileleni. Wachore grafu, idadi kwenye mhimili wa mlalo na kimo kwenye mhimili wa wima. Mteremko wa mstari utatoka 9.6 au 9.7 karibu kila mara.

Pale mstari unapokata mhimili wa wima ndipo penye matatizo. Kundi moja litapata 1.3, jingine 2, jingine sifuri kabisa. Sababu ni mbili na zote zinafaa kufundishwa. Kwanza, rula ya shule inasomeka kwa milimita nzima. Kosa la nusu milimita kwenye mnara wa kumi linagawanywa kwa tisa kabla halijaufikia mteremko, lakini kosa hilo hilo kwenye kitofali cha kwanza linaingia lote kwenye ile 1.7. Pili, rula nyingi za plastiki hazianzi sifuri kwenye ukingo. Kuna nafasi ya milimita kadhaa kabla ya mstari wa kwanza, na mwanafunzi akisimamisha rula mezani pembeni ya mnara, vipimo vyake vyote vinapungua kwa kiasi kile kile. Mteremko haudhuriki hata kidogo, ila c inaweza kuwa hasi. Kundi lililopata c hasi lisikemewe. Liambiwe liangalie mwanzo wa rula yake.

Kwenye shule za msingi mahali penye faida kubwa ni sehemu. Walimu wengi huchukua kitofali cha 2 kwa 4 kuwa kizima, kwa sababu ndicho kilichojaa mfukoni. Kinatosha kwa nusu, robo na thumuni. Tatizo linakuja ukifika theluthi: vinundu nane havigawanyiki kwa tatu, na mtoto anaona theluthi kama kitu cha ajabu kisicho na kitofali chake. Afadhali uanze moja kwa moja na cha 2 kwa 6. Vinundu kumi na viwili vinakupa nusu kwa kitofali cha 2 kwa 3, theluthi kwa cha 2 kwa 2 au cha 1 kwa 4, robo kwa cha 1 kwa 3, sudusi kwa cha 1 kwa 2, na moja ya kumi na mbili kwa cha kinundu kimoja.

Kuna kosa ambalo kila mwalimu wa darasa la nne na la tano analijua: nusu ukijumlisha na theluthi mtoto anaandika mbili ya tano, amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Mpe kitofali cha 2 kwa 6, abandike juu yake cha 2 kwa 3 na cha 2 kwa 2. Kimebaki nje kipande cha vinundu viwili. Muulize mbili ya tano ni zaidi ya nusu au chini ya nusu. Atajibu chini, kisha ataangalia mkononi mwake na kuona kimefunikwa karibu chote. Sasa afunike upya kwa vitofali vya 1 kwa 2 pekee: vitatu kwa ajili ya nusu, viwili kwa ajili ya theluthi, jumla tano ya sita. Kitofali cha 1 kwa 2 kiliingia sawasawa kwenye nusu na kwenye theluthi, na hicho ndicho kinachotafutwa tunaposema Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 2 na 3. Ukimwachia mtoto atafute mwenyewe kitofali kinachoziingia zote mbili bila kubaki, atajaribu cha 1 kwa 3, kitagoma kwenye theluthi, atakiacha. Kule kugoma ndiko unakokutaka.

Angalia jambo moja hapa. Watoto wanapenda kuhesabu vitofali badala ya vinundu. Mtoto aliyefunika kwa kitofali kimoja cha 2 kwa 3 na viwili vya 1 kwa 2 atakuambia amefunika vitatu. Kabla hujauliza swali lolote la sehemu, hakikisha kila mmoja anajibu kwa vinundu.

Mzingo nao una mtego wake. Mjengee mtoto mstatili wa 4 kwa 6 na umwombe mzingo. Atazungusha kidole kwenye vinundu vya pembeni na kupata 16. Jibu ni 20. Vinundu vya kona amevihesabu mara moja kila kimoja, wakati kona moja ina kingo mbili za nje. Kwa mstatili wowote wenye upana wa vinundu viwili na kuendelea, tofauti ni 4 daima, kwa kuwa kona ni nne, na darasa la sita linaweza kupewa kazi ya kulithibitisha hilo kwa mistatili mitano tofauti. Dawa ni uzi: uzungushwe nje ya mstatili, ukatwe, upimwe kwa milimita, ugawanywe kwa 8.

Ukipata vitofali vya Duplo, vile vikubwa vya watoto wadogo, usiviache kwa sababu tu ni vichache. Kila kipimo chake ni mara mbili ya Lego: nafasi ya vinundu ni milimita 16, kimo 19.2. Muulize mwanafunzi ni vitofali vidogo vingapi vya 2 kwa 4 vitajenga umbo la ukubwa wa Duplo moja ya 2 kwa 4. Wengi watasema viwili, wajanja watasema vinne. Ni vinane, vinne chini na vinne juu. Kimoja kinatosha kwa darasa zima, na swali la ujazo ukikuza vipimo mara mbili limekwisha.

Kwa uwiano na skeli, wanafunzi wa hapa wana Mlima Kilimanjaro dirishani mawingu yakiruhusu. Kibamba kimoja kiwe mita 100 za kimo. Kibo yenye mita 5,895 inakuwa vibamba 59, yaani vitofali 19 na vibamba 2. Mawenzi, mita 5,149, ni vibamba 51. Meru, zaidi kidogo ya mita 4,560, ni 46. Hadi hapo ni kugawanya na kukadiria tu. Utamu unakuja ukiuliza: kama milimita 3.2 ni mita 100, milimita 8 za nafasi ya kinundu ni mita ngapi? Ni 250. Kwa hiyo vinundu vinne ni kilomita moja. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Uhuru, kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, ni karibu kilomita 30. Hivyo ni vinundu 120, karibu sentimita 96 za meza. Vibao vinne vya kujengea vya 32 kwa 32 vikipangwa mstari vinatoa vinundu 128, na mlima unaingia.

Kabla ya kujenga, waagize wachore kwa mkono jinsi wanavyofikiri mlima utaonekana kwa pembeni. Watachora paa la nyumba. Kisha wasimamishe nguzo moja kila vinundu 20, yaani kila kilomita 5, kimo chake wakikisoma kwenye ramani yenye kontua. Ili kuokoa vitofali, hesabu kimo kuanzia usawa wa mji, karibu mita 900. Kilele kinabaki na vibamba 50, milimita 160, juu ya ulalo wa milimita 960. Moja kwa sita, pembe isiyofika digrii kumi. Makundi mengi yanakataa kuamini na kutaka kuongeza vitofali. Wakatalie. Wapitishe rula juu ya vichwa vya nguzo ndipo waone kwamba mteremko wenyewe haulingani, chini ni mpole na juu ni mkali, na kwamba ile moja kwa sita ni wastani tu. Walimu wa Arusha wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa Meru, ila wasitumie ulalo wetu. Wapime wao kwenye ramani.

Sasa mizani na momenti (uzito mara umbali wake kutoka kwenye egemeo), ambako vitofali hufaulu vizuri na hufeli vibaya. Kinachotakiwa ni ule mhimili wenye matundu wa vinundu 16, ambao una matundu 15 yaliyoachana kwa milimita 8. Tundu la 8 ndilo la katikati, kila upande yanabaki saba. Pitisha hapo kijiti chenye umbo la msalaba, kinachozunguka kwa uhuru ndani ya tundu la mviringo. Usitumie pini nyeusi. Zina mbavu za kukaza, na mizani itasimama popote ulipoiacha, mzigo uwepo usiwepo. Mizigo ni vitofali vya 2 kwa 4, na umbali unahesabiwa kwa matundu kutoka kwenye egemeo. Namba 12 ndiyo ya kuanzia: vitofali 2 kwenye tundu la 6 vinalingana na 3 kwenye la 4, na 4 kwenye la 3, na 6 kwenye la 2. Waandike jedwali, waache wenyewe waone kwamba kuzidisha ndiko kunakobaki palepale.

Kinachoharibika ni hiki. Wanafunzi hubandika vitofali juu ya mhimili, kwani vinundu viko pale na vinashika. Pande zote mbili zina momenti sawa, lakini mhimili unaanguka upande mmoja, ukiurudisha unaanguka wa pili. "Mwalimu, kanuni imekataa." Kanuni haijakataa. Uzito umekaa juu ya egemeo, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko juu, na mhimili ukiinama kidogo tu uzito wenyewe unausukuma uiname zaidi. Ning'iniza mizigo chini kwa uzi wa kushonea, kila rundo limefungwa kitanzi kinachopita kwenye tundu. Unaweza pia kuigeuza kasoro hii kuwa somo: wapate kwanza usawa usiosimama, ndipo waning'inize, ndipo waeleze tofauti.

Wengine huona uzi ni usumbufu na kutumia vifuko vya plastiki. Kifuko kina uzito wake, na kitofali kimoja ni karibu gramu 2.3 tu. Kifuko kikikaa tundu la 6 upande huu na tundu la 2 upande ule, hakijifuti. Uzi hauna neno.

Gia zinahitaji maandalizi zaidi, na seti kamili ni ngumu kuipata kwenye mtumba, kwa hiyo sisi tunazitumia mbele ya darasa, seti moja. Zilizo za kawaida zina meno 8, 16, 24 na 40. Paka jino moja la kila gia rangi ya kucha ili mizunguko ihesabike. Gia ya 8 ikiiendesha ya 24, ndogo inazunguka mara 3 kubwa ikizunguka mara 1. Ya 8 kwa 40 ni 5 kwa 1. Zikifuatana mbili hizo kwenye vijiti vinavyoshirikiana, 3 mara 5, mwanafunzi anazungusha mkono mara 15 gia ya mwisho ipate mzunguko mmoja. Kabla hujaanza, waulize gia ya mwisho itazunguka upande gani. Kisha watoke nje na kuhesabu meno ya mbele na ya nyuma ya bodaboda au baiskeli yoyote iliyoegeshwa, injini imezimwa.

Gia nyingine hukataa kukutana. Ya 16 na ya 24 kwenye mhimili mmoja ama zinaachana ama haziingii kabisa. Nusu kipenyo cha kila gia kwa milimita ni nusu ya meno yake, kwa hiyo umbali kati ya vitovu ni nusu ya jumla ya meno. 8 na 24 zinatoa milimita 16, matundu mawili sawasawa. 8 na 40 zinatoa 24, matundu matatu. 16 na 24 zinatoa 20, ambayo ni matundu mawili na nusu, na nusu tundu hakuna. Darasa litagundua sheria lenyewe likipewa muda: jumla ya meno igawanyike kwa 16. Sheria hiyo ni ya mlalo. Ukipandisha mihimili miwili moja kwa moja, matundu yanaachana kwa 9.6 na hakuna gia inayokubali. Weka vibamba viwili katikati: 9.6 jumlisha 6.4 ni 16.

Densiti ni kazi ya makundi mawili yaliyounganisha vitofali ili wapate 20. Mzani wa jikoni wa gramu nzima hauwezi kupima kitofali kimoja. Utasema 2, au 3, au hautasema kitu. Pima 20 kwa pamoja, utapata karibu gramu 46. Weka mililita 150 za maji kwenye silinda ya 250, tumbukiza vyote, maji yatapanda hadi karibu 194. Ujazo 44, densiti 1.05 hivi. Hayo ni mambo yakienda vizuri. Yasipokwenda vizuri, maji yanapanda hadi 200, densiti inatoka 0.92, na hakuna anayeshtuka. Elekeza macho yao kwenye silinda: kitu chenye densiti 0.92 kimelalaje chini ya maji? Hewa imenaswa kwenye mashimo ya chini ya vitofali na kuhesabiwa kama plastiki. Tone la sabuni, vitofali vitiwe kimoja kimoja kwa kukilaza ubavu, silinda igongwegongwe. Kitofali kikiwekwa juu ya maji mdomo chini huelea kwa hewa hiyo hiyo, na kikipinduliwa kinazama. Kwenye maji yenye gramu 150 za chumvi kwa lita huelea hata kikiwa hakina hewa. Vile vya kuiga vinavyoelea kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ni vya plastiki nyingine, vitenge.

Msuguano tunaupitia haraka: ubao, jalada la daftari, kipande cha kitenge, msasa, pandisha upande mmoja mpaka kitofali kianze kuteleza, pima kimo gawanya kwa ulalo. Ukikisimamisha kitofali wima, upande ule wa 9.6 ukiwa ndio unaolala kufuata mteremko, kitapinduka ubao ukifika karibu digrii 17, pengine kabla ya kuteleza. Kilaze.

Darasa la wanafunzi 60 linagawanyika makundi 12 ya watano. Kila kundi lina kopo lenye vipande 48: kumi vya 2 kwa 4, vinne vya 2 kwa 6, sita vya 2 kwa 3, sita vya 2 kwa 2, vinne vya 1 kwa 4, vinne vya 1 kwa 3, vinane vya 1 kwa 2 na sita vya kinundu kimoja. Ni vipande 576 kwa darasa. Vinavyopotea ni vya kinundu kimoja, na kupima kopo kwenye mzani hakusaidii kwa sababu kimoja hakifiki nusu gramu. Chora umbo la kila kipande kwenye karatasi ngumu kwa ukubwa wake halisi, na mwisho wa kipindi kundi lipange vitofali juu ya michoro. Pengo linaonekana hata ukiwa mlangoni. Watano mezani maana yake ni mmoja anajenga na wanne wanatazama, kwa hiyo gawa kazi kwa majina: anayejenga, anayepima, anayeandika, anayeshika makadirio, anayetunza kopo, na zamu zibadilike kila swali. Meno yasitumike kutenganisha vitofali. Bandika kitofali kirefu juu ya kilichokwama, kiinamishe kama wenzo, kitaachia. Kuosha ni maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni, kukausha ni kivulini, kwani jua la mchana linavigeuza rangi kuwa njano.

Shule isiyopata vitofali hivi inaweza kumpa seremala kazi ya michemraba ya sentimita 2 ya mbao ya paini. Inafaa kwa eneo, ujazo, sehemu na mizani ya rula. Haifai kwa grafu ya kimo, kwa sababu mbao iliyokatwa kwa msumeno haina usawa wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na ikiwa mbichi itasinyaa baada ya wiki kadhaa. Mkubaliane mapema kuhusu hasara ya msumeno. Fito ya mita moja haitoi michemraba 50. Msumeno ukila milimita 3 kila mkato, unapata 43, na hilo swali lipewe darasa kabla halijapewa seremala.

Kwa wanaomaliza mapema, hasa Kidato cha Nne, tuna swali moja la kudumu: vitofali viwili vya 2 kwa 4 vya rangi moja vinaweza kuunganishwa kwa njia ngapi? Wakipanga cha juu sambamba na cha chini wanapata nafasi 7 kwa urefu na 3 kwa upana, jumla 21. Wakikigeuza kikae msalaba, ni 5 kwa 5, jumla 25. Wanakuja na 46 wakitabasamu. Warudishe na vitofali vyao mkononi, wageuze kila umbo nusu mzunguko. Karibu kila moja lina pacha wake mle mle ndani ya 46, isipokuwa mawili yaliyokaa katikati kabisa, ambayo yakigeuzwa hubaki yalivyo. Ondoa hayo mawili, gawanya 44 kwa mbili, yarudishe: 24. Kwa vitofali sita, wanahisabati Søren Eilers na Bergfinnur Durhuus wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walitumia kompyuta na kupata 915,103,765. Vitatu ni 1,560. Hiyo ya vitatu wapewe waende nayo nyumbani, na waonywe kwamba 24 mara 24 haifikishi huko.